Jitu Halikuteleza

Mwairishi niliyemfanyia kazi Doha alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, na hakuweza kuandika ugomvi kabla ya kuupigia kelele. Kila asubuhi alijifungia chumba cha juu, mara yeye ni jitu, mara ni msichana anayekabwa. Ananguruma, analia, anarusha vikombe ukutani. Wiki ya kwanza nilipanda ngazi mbio, mwiko mkononi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Ukisikia vita, dada, usije. Nikimaliza nitashuka kukuuliza kama umeogopa."

Nikazoea. Nilikata vitunguu huku juu watu wanauawa. Akishuka namwambia, "Leo hilo jitu lako ni bure kabisa," naye anarudi kuliongezea meno. Nilimpenda yule mama, sitaficha.

Mumewe alikuwa injinia wa ujenzi katika mji mpya wa Lusail, enzi hizo Lusail ni mchanga na kreni tu. Mpole, anasema asante hata kwa maji. Siku moja niliona alama za vidole shingoni mwa mama. "Nilijikaba nione inavyokuwa," aliniambia. Nami, mjinga mimi, nikaamini.

Ijumaa moja, maana kule ibada ni Ijumaa, nilirudi kutoka kanisani Mesaimeer nikakuta vita juu. Glasi zinavunjika, "Niache!" Nikacheka peke yangu, nikabandika chai. Haki ya Mungu, nilibandika chai! Kisha nikasikia sauti mbili kwa pamoja. Jitu na msichana hawakuwahi kupiga kelele pamoja, maana mama alikuwa na koo moja tu.

Nilipanda na kikaango cha chuma. Mume alikuwa amembana kwenye kabati, mikono shingoni, damu inamtoka mama puani. Nilimpiga yule mwanamume sikioni. Alipogeuka nikampiga tena. Pigo la tatu halikuwa na haja, lakini nililipiga, na sijatubu mpaka leo.

Huku anachuruzika damu, mume akawapigia polisi simu kwamba mfanyakazi amemshambulia. Nikajua nimekwisha. Mama akajifunga skafu shingoni, akawapokea mlangoni.

"Tulikuwa tunaigiza hadithi yangu," akasema. "Mume wangu ameteleza."

Waliondoka. Nikamvuta jikoni. "Waite, uwaambie ukweli, tutoke humu wote wawili!"

"Wakikufunga je?"

"Wanifunge!"

Akatikisa kichwa. Wiki hiyo hiyo mume alinikatia tiketi ya kurudi Kenya.

Mwaka uliofuata kitabu cha yule mama kilinifikia Nakuru, kina sahihi yake. Binti yangu akanisomea. Mwishoni jitu linamkaba msichana, linateleza, linaanguka. Linaamka, linaomba msamaha, wanakunywa chai pamoja.

Nilimnyang'anya kile kitabu nikakitia kwenye jiko la makaa.

"Mama! Mbona?"

"Halikuteleza," nilimwambia. "Na huyo msichana bado anaishi nalo."