Kumsomea Baba Kupitia Mlango wa Chuma

Kwanza nilisikia kikohozi. Nilikuwa nimetoka juani, na chumba cha mapokezi cha gereza hakikuwa na umeme. Macho yangu hayakuona kitu. Lakini nyuma ya mlango wa chuma mtu alikohoa mara mbili, akanyamaza, nikajua baba yu hai.

Ilikuwa miezi ile serikali ilipokuwa inaanguka. Migodi haikulipa, maduka ya katikati ya mji yalipigiliwa mbao, na kila lori lililoingia Lubumbashi lilileta uvumi mpya. Baba, fundi wa reli, alikamatwa kwa kuwasomea majirani gazeti kwa sauti. Kumwona kulikatazwa. Bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo vilipokelewa. Vitabu havikuingia, ila vya sala, au vile ambavyo mlinzi amevikagua mwenyewe.

Mimi nilileta riwaya. Ilikuwa ya baba, ya Kifaransa, ameisoma hadi jalada likang'oka: mwanamke anamtafuta mumewe kutoka stesheni hadi stesheni.

Mlinzi, mtu mnene aliyetoka Kasomeno, aliigeuzageuza.

"Iko na politike?"

"Hapana, papa. Iko mambo ya mapendo tu."

"Bote banasema vile. Lazima nisome kwanza, mbele iingie, na miwani yangu ilivunjika. Kaa pale, mama. Soma mu Swahili, nisikie."

Benchi lilikuwa kando ya mlango wa chuma. Nikasoma kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji mtu aliyekaa mbele yangu.

Kila nilipoleta chakula nilisoma kipande. Askari walipotokea hadithini, niliwageuza wachuuzi wa mbuzi, ingawa mara moja bunduki iliniponyoka mdomoni. Nyuma ya mlango baba, aliyejua kila mstari, alishikwa na kikohozi kirefu.

"Ule muzee iko mugonjwa?"

"Pengine vumbi, papa."

"Vumbi gani inacheka?"

Nikaanza kuogopa jambo moja: kitabu kitaisha. Kikiisha kitaruhusiwa, nami sitakuwa na sababu ya kukaa kwenye lile benchi. Nilitaka baba apate kitabu chake. Nilitaka zaidi kumsikia. Basi nikawa narudi nyuma kurasa kadhaa, kana kwamba nimepotea.

"Mama, ile stesheni tulishapita. Huyu bibi anapanda treni moja mara ngapi?"

"Treni inachelewa, papa."

"Sawa na ya kwetu," akasema, na mlango ukakohoa tena.

Asubuhi moja nilimkuta mlinzi bila sare, amevaa shati la Jumapili, mfuko miguuni. Barabarani wanajeshi walikuwa wanapita wakielekea mpakani, wengine bila viatu.

"Leo tumalize. Kesho siko hapa. Ule atakuya pa nafasi yangu, kitabu atawashia nayo moto."

Nikasoma kurasa za mwisho. Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Askari walibaki askari, na bunduki zao, wamejaa stesheni. Mwanamke alisimama peke yake treni ikiondoka. Nilisoma polepole mno, na nyuma ya mlango hakuna aliyekohoa.

Mlinzi alijifuta uso kwa kiganja.

"Tangu zamani nilijua. Muchuuzi gani ya mbuzi inatembea na bunduki?"

Akafungua kidirisha kilichokuwa kwenye mlango, akapitisha kitabu. Niliona vidole tu, vyembamba kuliko nilivyovikumbuka, vikikipokea. Kisha nikasikia kurasa zikifunuliwa.

"Papa," nikamwita baba.

Alikohoa mara moja, kwa ufupi, kama alivyofanya nyumbani kila alipotaka kuanza kusoma. Ndiyo sauti ya mwisho ya baba niliyo nayo.

"Wende sasa, mama," mlinzi akasema, akifunga kidirisha. "Kitabu imeingia."

Nilibaki nimeshika ubao wa benchi, nikingoja kikohozi kingine. Akanishika mkono taratibu, akanitoa hadi juani, na mlango ukafungwa nyuma yangu.