Mbwa Mwenye Régime

Mbwa wako alikula nini jana? Usijibu haraka.

Kwa daktari wa mifugo hapa Gitega nilimkuta mama amemfunga mbwa wake kwenye kitenge. Mbwa alitapika povu na kutetemeka.

"Amekula nini?" daktari aliuliza.

"Mi namupikiaka wali, karoti, nyama bila chumvi. Iko na régime, anakulaka kwa mpango, dokta!"

"Mama, nikikosea dawa atakufia mikononi."

Mama akaapa kuwa ni hayo tu, analia. Sisi tuliokuwa tukisubiri zamu, ambao mbwa wetu hula mabaki, tulitazama chini. Mlangoni, mumewe alizungusha kofia vidoleni. Mbwa akakakamaa. Kofia ikaanguka.

"Ni mi," mume alisema. "Nilimupa pilipili na tumbako, akuwe mukali. Régime ilimufanya anyamazie hata wezi."