Mishale Yangu ya Chaki Mkomaindo

Jamani, mambo mengine mtu huyafukia moyoni mpaka anazeeka nayo, na hili langu la Masasi nimelifukia miaka mingi kiasi kwamba nikikutana na mtu wa kule akaniuliza, "Dada, umewahi kufika kwetu?", najibu haraka haraka kwamba nilipita tu (uongo mtupu, nilikaa miaka miwili na nusu, na muda wote huo watu wakiniita Mwalimu Mshale). Leo nasema yote. Chekeni mtakavyo, ila msinikatize, maana nikisimama katikati sitaweza kuendelea.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, kwetu Singida, nikapangiwa Masasi wakati vita vya Msumbiji vimepamba moto, wenzetu ng'ambo ya Ruvuma wanapigana na Wareno na huku kwetu kila mkutano unaambiwa kaeni macho. Mama yangu alinisindikiza kituo cha basi analia, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Huko ni mpakani, mwanangu, usimwamini mtu." Neno lile nikalishika kuliko nilivyoshika sanduku. Nikapanga chumba Mkomaindo, karibu na hospitali, kwa mama mmoja mjane anaitwa Mama Zuhura, mkarimu hasa, lakini mimi akiniletea togwa najiuliza huyu anataka nini, na nikikuta kanifagilia mlangoni nakimbilia kutazama kufuli. Halafu watu wa pale walivyo, huwezi kupita barazani kwa mtu bila salamu, na salamu zenyewe haziishi: umeshindaje, watoka wapi, waenda wapi, wakaa kwa nani. Kwao ndio uungwana. Mimi nikaona nahojiwa, kwa hiyo jibu langu likawa moja tu, "Natembea," basi.

Na kutembea kwenyewe nilikupenda, siwezi kuficha. Mtaa ulikuwa umetulia, saa kumi na moja jua limelegea juu ya vile vilima vya mawe, wanawake wanasukana barazani, harufu ya korosho zinazochomwa inakusindikiza toka ua huu hadi ule, wazee wanacheza bao na kutuhumiana wizi wa kete, na mimi nazunguka vichochoro vyote peke yangu na gauni langu la chuoni, najiona nimefika. Tatizo ni kwamba kila nyumba ilikuwa ya udongo mwekundu, kila ua una mkorosho, na kichwa changu hakishiki njia kabisa. Na somo nililokuwa nafundisha, Mungu anisamehe, ni jiografia.

Siku ya nne nikapita mara tatu mbele ya mzee mmoja anayesuka mkeka. Mara ya tatu akaweka ukindu chini.

"Mwalimu, umepotea?"

"Hapana, babu, shikamoo. Natembea tu."

"Marahaba. Haya, tembea."

Ningesema ndiyo babu, nimepotea, nakaa kwa Mama Zuhura, mkasa wote ungeishia pale. Lakini niliwaza, nikimwambia ninapokaa si atajua naishi peke yangu? Nikazunguka mpaka miguu ikavimba, na kesho yake nikatia vipande vitatu vya chaki mfukoni. Kila nilipokata kona nikawa najifanya nafunga kiatu, nachora mshale mdogo chini ya ukuta, hauzidi urefu wa kidole, unaoelekea nyumbani. Jamani, ulifanya kazi! Wiki mbili nilitembea mpaka mitaa ambayo hata walimu wenzangu hawaijui, nikawa narudi nafuata mishale yangu, nimejaa kiburi.

Ijumaa moja nimerudi shuleni, nikamkuta Mama Zuhura kasimama mlangoni na upawa mkononi, sauti kaishusha.

"Mwalimu, umesikia? Mtaani kuna alama. Mishale. Yote inaelekea hospitali. Watu wanasema kuna mpelelezi anawaonyesha Wareno, ndege zao zikija zijue pa kutupa bomu."

(Ndege gani ingeona mshale wa kidole kimoja chini ya ukuta, yeye hakujiuliza, na mimi sikumuuliza.) Pale pale ndipo pa kusema, Mama Zuhura, ni mimi, nisamehe. Lakini nikaona mgambo, nikaona selo, nikaona barua inakwenda Singida kwamba binti yenu ni mpelelezi. Nikasema, "Makubwa!" Nikaona Mama Zuhura ananitazama, na ili asinitazame nikaongeza, kwa mdomo wangu huu huu, "Lakini mtu anayezunguka kila nyumba si yule fundi?"

Fundi mwenyewe ni Bwana Agostino, fundi cherehani, Mmakonde wa ng'ambo, aliyevuka mto na mkewe kukimbia vita, akakaa kwanza Newala kwa mashemeji zake kisha akashuka Masasi. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na mkoba wake kupima watu nguo, mpole, chale usoni, Kiswahili chake cha taratibu. Mimi nilimshuku tangu siku aliponiuliza kwetu ni wapi. Hakuna kingine alichonikosea.

Jumamosi alasiri balozi wa nyumba kumi akapiga mbiu. Tukajaa uani kwake, wake kwa waume, na kwa kuwa hati yangu ilikuwa nzuri nikakalishwa mbele na daftari niwe katibu wa mkutano. Hebu fikirini, mhalifu ndiye anaandika kumbukumbu! Mgambo wawili wakamleta Bwana Agostino na mkoba wake. Wakaumwaga mkekani: utepe, mkasi, nyuzi, na chaki. Watu wakaguna kwa pamoja. Ilikuwa chaki bapa ya bluu, ya mafundi, na mishale ilikuwa myeupe, lakini nani alikuwa na haja ya rangi? Kisha kikatoka kidaftari kimejaa majina na tarakimu.

"Mwalimu," balozi akasema, "wewe msomi. Tusomee hizi siri."

Nikasimama, nikasoma kwa sauti: "Balozi, kifua arobaini na moja, tumbo arobaini na sita. Mama Zuhura, nyonga arobaini na nane..." Mama Zuhura akapiga yowe na kujifunika kanga usoni, watu wakaangua kicheko, mimi nikashukuru Mungu nikajua yameisha, ni vipimo vya nguo tu. Hayakuisha. Mzee mmoja nyuma akasema Wareno ni wajanja, pengine nyonga si nyonga, na kicheko kikakatika hivi, kama taa imezimwa. Balozi akajikuna kidevu. Akasema yeye hana ugomvi na mtu, lakini jambo limemzidi, afadhali fundi apelekwe bomani wakamhoji wenyewe.

Bwana Agostino alikuwa anaokota nyuzi zake mkekani, moja moja, anazipangusa vumbi. Mkewe, Mama Tereza, mtoto mgongoni, akapenya mpaka kwenye meza yangu akainama.

"Mwalimu, tuandikie barua ya kumwombea. Wewe mgeni kama sisi, utatuelewa."

Aibu ikanipanda toka kwenye nyayo. Nikaweka kalamu chini.

"Mishale ni yangu," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa sauti ya darasani, mishale ni yangu, niliichora mimi ili nisipotee njia ya nyumbani. Halafu mama mmoja akasema, "Masikini, ana huruma huyu binti." Mwingine akasema hiyo si huruma, kuna jambo kati yake na fundi (na Mama Tereza yuko pale pale, anasikia!). Balozi akanitazama kwa upole.

"Mwalimu, wewe wa jiografia, upotee Mkomaindo? Mji huu ni kiganja cha mkono!"

"Nipelekeni, nitawaonyesha," nikasema.

Basi tukaondoka, mimi mbele, nyuma yangu balozi, mgambo, fundi, mkewe, na mtaa mzima na watu waliokuwa wanatoka sokoni na vikapu vyao, wanaongezeka kila kona. Mshale wa kwanza nikauonyesha. Wa pili nikauonyesha. Wa tatu haupo. Kumbe tangu Ijumaa wenye nyumba walikuwa wameshaikwangua kwa hofu! Nikajipa moyo, nikakata kulia, nikashika kichochoro nilichoamini nakijua, nikatokea jikoni kwa watu, nikaomba radhi, nikageuka na watu wakageuka, nikakata kushoto, tukapita kwa yule mzee wa mkeka, tukapita tena, na mara ya tatu mzee akacheka mpaka akakohoa. Nikaona ua ulio wazi, nikasema kwa ushindi, "Ni hapa!", nikaingia na umati wangu. Alikuwepo Mwalimu Mkuu, kakaa kwenye kigoda na msuli wake, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji moto. Akatutazama sote. Akanitazama mimi.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Natafuta nyumbani kwangu," nikasema, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Balozi ndiye aliyeanza kucheka. Akashika ukuta. "Huyu kweli kapotea!" akasema, "Hakuna mtu anaweza kuigiza hivi!" Wakacheka wote, mgambo wakacheka, wakamwachia fundi mikono, na Mama Zuhura akanishika kiwiko akanipeleka nyumbani, ambako kulikuwa nyuma ya ua ule ule, hatua ishirini. Toka siku ile nikitoka tu barazani watu wananielekeza kwa vidole bila kuulizwa. Wakaniletea korosho, wakaniita binti yao. Jina la Mshale likanikaa.

Nilikwenda kwa Bwana Agostino Jumapili asubuhi kumwomba radhi. Nikamkuta anafunga cherehani kwa kamba, mkewe anakunja nguo. Wanarudi Newala.

"Lakini yameisha," nikasema. "Watu wamecheka, hakuna anayekushuku tena."

"Wewe walikucheka, Mwalimu, wakakupeleka nyumbani. Una wiki tatu hapa. Mimi nina mwaka wa nne, nimewashonea sare za watoto, na jana walipomwaga mkoba wangu hakuna hata mmoja aliyesema huyu namjua." Hakuwa na hasira, ndilo lililonichoma. Akakaza fundo. "Asante kwa kusema kweli. Nataka kujua neno moja tu. Nani alinitaja mwanzo?"

Mama Tereza akaacha kukunja, akanitazama.

Nikasema sijui.

Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkono, na mchana wakapanda lori na cherehani yao. Mama Zuhura alijua, kwa sababu ni yeye niliyemwambia, na mpaka naondoka Masasi hakunitajia hata siku moja. Sijawahi tena kumtaja mtu nisiyemjua ili nijisitiri mimi, na sitamtaja. Nikipotea siku hizi namuuliza mtu wa kwanza ninayemwona. Lakini lile neno, "sijui," ndilo mnalolisikia leo kwa mara ya kwanza.