Fundi Mdundo Ndani ya Buti

Fundi Mdundo hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa jambo moja tu: subufa, zile spika kubwa za besi. Mpelekee gari, atakufungia subufa mbili kwenye ubao wa nyuma, pale chini ya kioo, na hutasikia hata skrubu ikikohoa. Ndivyo alivyozoea kutamba, mpaka alipokutana na gari la Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama mstaafu, mkali kama pilipili na mpenzi wa besi kupindukia. Siku hiyo alirudi gereji kwa mara ya tatu.

"Fundi, gari langu bado linasaga meno."

"Mwalimu, ubao nimekuwekea plaiwudi nene. Boliti nimezikaza kwenye bati lenyewe, chini nimetandika mpira. Nyaya nazo nimezivisha sponji utadhani zina homa!"

"Na bado linasema krrr."

Fundi akakuna kichwa. "Basi naingia kwenye buti nisikilize hukohuko. Wewe zunguka mtaa mara moja tu."

Akajikunja, magoti kidevuni, tumbo likafuata baadaye. Mwalimu akafunga buti, akafungulia muziki, akaondoka.

Besi ilimgonganisha meno, lakini sikio halikumdanganya. Krrr ilitoka kwenye chuma chembamba cha kuinulia mfuniko wa buti, kilichokuwa kikigusa bati. Akakishika: kimya. Akakiachia: krrr. Akakishika tena, kwa raha tu.

Ndipo alipong'amua kwamba mtaa umekuwa mrefu mno. Kumbe Mwalimu alipigiwa simu na dada yake akamchukue saluni, na fundi akamtoka akilini kabisa. Gari likasimama, dada akaingia. Fundi akagonga: ngo, ngo, ngo!

"Mdogo wangu, gari lina nini hili?"

"Ndiyo kelele yenyewe, dada. Leo imezidi."

"Mwalimu! Ni mimi!" fundi akaita kutoka ndani ya buti.

"Eh! Sasa linalia," dada akasema.

"Dawa yake hii hapa." Mwalimu akaongeza sauti.

Fundi akagonga mpaka ngumi zikafa ganzi. Kwa aibu akagundua kwamba mikono yake, kwa mazoea, inafuata mdundo.

"Ukiizoea si mbaya," dada akasema.

Walipofika kwa dada, Mwalimu akafungua buti atoe mfuko wake.

"Nimeipata!" fundi akatangaza, jasho likimchuruzika.

Dada akapiga yowe, akamtwanga kwa mkoba mara mbili kabla ya kuelezwa, na mara moja baada ya kuelezwa.

Vifaa vyote vilibaki gereji. Fundi akavua ndala moja, akaazima kisu cha jikoni, akakata kipande na kukivisha kile chuma. Mwalimu akasikiliza wimbo mzima amefumba macho. Hakuna krrr.

"Mia kwa mia," akasema, kisha akamrudisha fundi hadi nyumbani kwake, safari hii kiti cha mbele.

Mkewe alikuwa mlangoni. Akamtazama miguu.

"Baba, ndala yako nyingine iko wapi?"

"Iko kwenye gari la Mwalimu."

Mkewe akashika kiuno. "Inafanya nini huko?"

"Inazuia kelele," fundi akajibu.

Maelezo yalichukua jioni nzima.