Meza ya Kukatia Nguo na Kijerumani cha Baba Pacha

Mama Pacha hakuwahi kukanyaga darasa la Kijerumani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na sebule yake ndiyo ilikuwa karakana: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia katikati, vipande vya vitambaa kila kona. Kijerumani kililetwa mle na mumewe, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha uchapaji. Baba Pacha aliambiwa kwamba akiimudu lugha hiyo, atapelekwa Ujerumani miezi mitatu, kwa waliotengeneza mashine mpya ya kiwanda.

Mwaka ule watoto wao pacha walikuwa bwenini, nyumba imepoa. Kila jioni Baba Pacha alitoka darasani, akakaa upande wa pili wa meza na kukunja uso kama mtu aliyetafuna kidonge.

"Mama Pacha, hebu nishikie kitabu uniulize. Kichwa kimejaa moshi."

Akakishika. Lakini atamsahihishaje mtu kwa jambo asilolielewa mwenyewe? Akaanza kusoma. Jinsia tatu za majina hazikumtisha. "Tatu tu?" alisema. "Hao Wajerumani, ngeli zetu zingewatoa jasho!"

Kilichowatoa jasho wao ni vijineno vya juu ya, chini ya, ndani ya. Kwa Kiswahili unaweka uzi mezani, na uzi uko mezani, yameisha. Kwa Kijerumani ukiuweka ni *auf den Tisch*, ukishakaa ni *auf dem Tisch*.

"Sasa meza imefanya nini mpaka ibadilishiwe neno?" Baba Pacha alilalamika. "Imesimama palepale tangu tuoane."

Mama Pacha akainua kibiringo cha uzi. "Nitazame. Kinakwenda mezani: *den*. Hiyo Akusativu." Akakiachia. "Kimefika, kimetulia: *dem*. Dativu. Achana na meza, angalia uzi."

Jioni ile walihamisha kila kilichohamishika. Baba Pacha, mtu wa maneno ya kuhesabika, alicheka mpaka akashika mbavu alipogundua kwamba *der*, kijineno cha majina ya kiume, kikifika kwenye Dativu kinahamia kwa wanawake. "Huyu naye! Jana mwanamume, leo kavaa gauni!"

Mwezi wa tano alirudi na barua. Kiwanda kimeona afadhali kumleta fundi kutoka huko kwa wiki mbili. Safari imefutwa, na darasa pia. Alikaa bila kuvua viatu.

Mama Pacha aliisoma barua, akaiweka kando. Aliziona jioni zao zikirudi kuwa zilezile za zamani, mume na redio yake, yeye na cherehani yake.

"Tuliishia ukurasa wa ngapi?" akauliza.

"Mama Pacha, safari haipo."

"Nimesikia. Nimeuliza ukurasa."

Wakaendelea. Fundi Mjerumani alipokuja, siku ya tatu tu Baba Pacha aliingia nyumbani nusura akimbie.

"Nimemwambia! Anatafuta bisibisi, anaizunguka mashine kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamwambia iko *unter der Maschine*, chini ya mashine!"

"Hukusema *die*, kama kitu kinachokwenda?"

"*Der*! Imelala pale tangu asubuhi, inakwenda wapi?"

"Akasemaje?"

"Akainama, akaichukua. Halafu akanimiminia maneno, sikuambulia hata moja."

Sasa ni mwaka wa saba tangu Baba Pacha afariki. Pacha wana nyumba zao, na wakija humtania mama yao: safari ilishafutwa, Kijerumani kilikuwa cha nini? Yeye hutabasamu tu, kwa sababu anachokikumbuka ni zoezi moja la karibu na mwisho wa kitabu: eleza chumba unachokikumbuka. Baba Pacha alieleza chumba cha mama yake. Kitanda kando ya dirisha. Sanduku chini ya kitanda. Nyuma ya mlango, mtoto.

"Mtoto gani?" Mama Pacha aliuliza.

"Mimi. Nilijificha pale siku walipokuja kumchukua mama kwenda kumzika."

Miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwa amemsikia akimtaja mama yake. Baba Pacha aliendelea, Kijerumani kikamwishia, akahamia Kiswahili. Mama Pacha alizima cherehani, akavuta kiti karibu, wala hakumsahihisha neno.