Inua Mikono Yote Miwili

Juzi, nikipekua kopo la vifungo la marehemu mama, niliikuta filimbi ya baba, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda. Niliitia mdomoni bila kufikiri. Ladha ilikuwa ileile, chuma na kutu, na papo hapo nikawa tena Huruma, msichana wa miaka kumi, magoti yamejaa vumbi.

Wavulana hawakunitaka uwanjani, pale katikati ya maghorofa yetu. Walitaka filimbi, nami nilikataa kuiachia. Ndivyo nilivyokuwa refa. Waliniita Kafilimbi. Wafula pekee, kipa, ndiye aliyeniita Refa, kwa sauti ambayo wengine huwaitia walimu.

Kila goli lilikuwa mawe mawili. Mlingoti wa juu ulikuwa kipa mwenyewe: shuti likizua ubishi, alisimama kati ya mawe akanyoosha mikono, na mpira uliopita juu ya vidole vyake haukuwa bao.

Jumamosi moja, timu zikiwa sare ya bao moja kwa moja, Ndung'u, mshambuliaji wa upande wa pili, aliupiga mpira wetu wa majuala, mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba, ukapita juu ya Wafula.

"Bao!"

"Bao wapi? Imepaa!"

Ndung'u akanijia hadi puani. "Pima, Kafilimbi. Ukishindwa, leta hiyo kitu tupatie mwanaume."

Nikamwendea Wafula. Aliinua mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki ndani ya sweta, tumboni.

"Yote miwili."

"Refa," alininong'oneza, "si mmoja unatosha?"

Niwaambie ukweli: nilisikia dharau. Nikapuliza filimbi hadi watu wakachungulia madirishani. "Inua mikono yote miwili ama utoke!"

Akainua. Kaptura ya kakake ikaporomoka hadi miguuni. Sweta ilimsitiri, lakini kicheko kilizunguka maghorofa yote, na changu kilikuwamo.

"Imepita juu. Si bao," nilitangaza.

"Sawa, Refa," akasema Ndung'u.

Hakuna aliyebisha tena, siku hiyo wala baadaye. Wafula aliivuta kaptura, akaenda kwao, asirudi golini. Tulipokutana bombani, wote wakiniita Refa, yeye aliniita kwa jina langu tu.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba pale kati ya mawe alikuwa akiniomba, kwa cheo alichonipa yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Kaptura ile ilikosa kifungo kimoja tu. Na kwetu, juu ya kabati, kopo hili lilikuwa limejaa.