Kifuniko cha Kopo la Biskuti

Ukienda Zeeland, ile pembe ya Uholanzi iliyokatwakatwa na bahari, ukaulizwa kama utaongeza chakula, sema ndiyo hapo hapo. Usione haya. Mimi niliona haya, nikashinda na njaa nyumbani kwa watu wema kabisa.

Ilikuwa kiasi cha miaka miwili kabla ya uhuru. Nilikuwa mtia mafuta mashine katika meli ya Kiholanzi, na meli ikapelekwa Zeeland kutengenezwa. Injinia wangu alikuwa mzaliwa wa huko. Aliwahi kuja kwetu Likoni mara moja, mama akamchinjia kuku wake wa mayai na kumpikia wali wa nazi. Kila alipoambiwa aongeze, aliongeza, mpaka akalegeza mkanda.

"Mgeni gani huyu asiyejua kukataa?" mama aliniuliza alipoondoka, lakini uso wake ulikuwa umechanua. Sasa ilikuwa zamu ya injinia, naye akanichukua kwao kwa siku tatu.

Zeeland ni pazuri, wallahi. Tuliendesha baiskeli juu ya tuta refu la udongo linalozuia bahari. Upande mmoja maji, upande wa pili ng'ombe wanakula majani, na ng'ombe hao wako chini kuliko maji! Upepo ulikuwa unanirudisha nyuma huku nakanyaga. Njiani tulipishana na vikongwe waliovaa kofia nyeupe zilizopigwa wanga zikakakamaa, nao walinishangaa mimi kama nilivyowashangaa wao.

Tuliporudi, mama yake alikuwa amechemsha chungu kizima cha kome kwa vitunguu. Ukishamla mmoja, ganda lake unalifanya koleo la kumtolea mwenzake. Nilikula kidogo kwa adabu. Akaniuliza, mwanawe akifasiri, kama naongeza. Nikafanya nilivyolelewa: nikaweka mkono kifuani, nikasema nimeshiba, nikangoja anishikilie. Bibi yule akatabasamu, akachukua chungu, akaenda nacho jikoni. Nilikitazama mpaka kikapotea mlangoni.

Alasiri ikaletwa kahawa na kopo la biskuti. Kila mtu akachukua moja, kisha kifuniko kikarudishwa, tap! Kwetu ukimfunikia mgeni chakula akiwa bado amekaa, umemwonyesha njia. Nikainuka kutafuta viatu vyangu.

"Unakwenda wapi?" injinia akauliza.

"Narudi melini."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akanieleza kwamba kwao ukisema umeshiba, watu wanakuamini, na kumlazimisha mtu kula ndiko kukosa adabu. Tangu hapo kila nilichoulizwa nilijibu ndiyo. Nilikula kome, nikala samaki wa moshi, nikala na vile vimkate vyao vilivyosokotwa kwa sukari na mdalasini, vinavyonata vidoleni mpaka unaona uvivu kunawa. Siku ya kuondoka, bibi yule alinipa kopo zima la biskuti nimpelekee mama.

Meli iliporudi kwetu, nikafika Likoni, mama hakuniuliza habari ya bahari wala ya baridi.

"Walikukirimu, mwanangu?"

Ningeanza na siku ya tatu, mambo yangekwisha. Lakini mdomo wangu hauna breki, nikaanza na ile biskuti moja, nikitaka kumchekesha. Mama hakucheka.

"Biskuti moja," alisema. "Nami nalimchinjia kuku wa mayai."

Nikampa lile kopo, nikaeleza yote, la tuta, la vimkate, la adabu zao. Akaitikia haya, haya, lakini hakunitazama. Na injinia alikuwa ameshaalikwa kwetu Jumapili. Niliumia sana. Sikuwa na rafiki mwingine kama yule melini, nami nilikuwa nimemchongea kwa mama yangu mwenyewe. Basi nikamtafuta, nikamfunza adabu za kwetu ili ampendeze mama: ukiambiwa ongeza, weka mkono kifuani, kataa kwanza, tena mara mbili.

Jumapili alivuka kwa feri, amechana nywele. Mama akaweka sinia ya wali na samaki wa kupaka. Mgeni akala kidogo.

"Ongeza, baba."

"Ahsante, mama. Nimeshiba," akasema, mkono kifuani, akanitupia jicho.

Mama akaondoa sinia. Akaleta lile kopo la Zeeland, sasa limejaa visheti, akamfungulia. Mgeni akachukua kimoja. Mama akafunika, tap!

Nilidhani analipiza kisasi. Nikamfuata jikoni.

"Mama, ndiyo nini hivi?"

"Si wewe ulonambia kwao kumlazimisha mtu ni kukosa adabu?" alijibu. "Namfanyia ya kwao, asije akaona twamdharau. Lakini yule kijana ana ndaa, mwanangu. Namuona."

Nikamwambia ni mimi niliyemfunza kukataa. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso. Akarudi na sinia, akaiweka mbele ya mgeni. Akafungua kopo, akaliweka kando ya sinia. Kisha akaketi mkekani kumkabili, na kifuniko akakikalia.